Maji Yaliyowahi Jedwali: Uchambuzi wa Matembezi ya Kupiga Picha za Kusi

Kisa hiki kinahusu wapiga picha wawili waliotembea ufukweni kusini-mashariki mwa Unguja, mwishoni mwa mwezi wa 5, kufuata mawingu ya dhoruba. Majina, kijiji na mwaka vimeondolewa. Mmoja tutamwita Mwenyeji, kwa kuwa amekulia kisiwani ingawa upande wa mjini. Wa pili tutamwita Mgeni, aliyetoka bara na hakuwa amewahi kupiga picha pwani wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini. Saa zote zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Wote wawili walirudi salama. Kamera moja haikupona.

Usuli

Kusi huanza kushika mwezi wa 4 na kuendelea hadi karibu mwezi wa 9. Upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, ukiipiga pwani ya mashariki ya Unguja uso kwa uso. Mwezi wa 5 mvua za masika zinakuwa hazijaisha, kwa hiyo mpiga picha hupata vyote viwili: mawingu mazito yanayoingia kutoka baharini, na mapengo ya jua kati ya wingu na wingu. Kwa picha za dhoruba ni msimu bora kuliko wote katika mwaka.

Pwani ile ina mwamba wa matumbawe mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi ambayo wakati wa bamvua (siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida) hukauka kiasi cha mtu kutembea. Humo ndimo yalimo mashamba ya mwani: vijiti vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa kati yao. Kilimo hicho cha biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kazi yao hufuata bamvua, si kalenda ya wiki.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa na urefu wa kilomita 4 na ushei kuelekea kusini, kutoka kijijini hadi kwenye rasi. Kilomita 3 za mwanzo ni mchanga mpana. Kisha hufuata mita 900 hivi za jabali la matumbawe lenye kimo cha mita 4 hadi 5, lililoliwa na bahari kwa chini hadi juu pakabaki pameinama kama paa la kibaraza. Maji yakipwa, mtu hupita chini yake bila tabu. Yakijaa, bahari inafika ukutani na hakuna mahali pa kukanyaga. Baada ya jabali ndiyo rasi yenyewe, ambako mwamba wa nje unasogea karibu na mawimbi yanaonekana vizuri.

Mpango na vifaa

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua kamili. Jedwali la maji lilionyesha kupwa saa 4:35 asubuhi, mita 0.2, na kujaa saa 10:50 jioni, mita 3.9. Mwenyeji alikadiria kwamba maji hugusa mguu wa jabali yanapofika karibu mita 1.9, na kwa jedwali lile kiwango hicho kingefikiwa kama saa 7:33 mchana. Wakakubaliana kuondoka rasini saa 6:00, wabaki na saa moja na nusu mkononi. Kwa siku tulivu huo ulikuwa mpango mzuri kabisa.

Siku hiyo haikuwa tulivu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa pwani yote. Wote wawili walilisoma. Walilichukulia kuwa habari ya wavuvi na wenye vyombo, na wao kama watembea kwa miguu halikuwahusu zaidi ya kuwahakikishia mawingu. Hapo ndipo mzizi wa kisa ulipo, na tutaurudia.

Mwenyeji alibeba kamera yenye kinga ya unyevu na lenzi mbili, 16–35 mm na 70–200 mm. Mgeni alikuwa na kamera isiyo na kinga, lenzi moja ya 24–70 mm, na tripodi ya miguu ya kukaza kwa kuzungusha. Kila mmoja alikuwa na kitambaa kimoja cha kufutia lenzi. Walikuwa na lita 3 za maji ya kunywa, simu ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na viatu vya raba vya soli ngumu. Kandambili mahali pale ni kujitakia majeraha, maana jiwe la tumbawe lina ncha kali na ndani ya madimbwi kuna wanyama wadogo wa baharini wenye miiba mirefu myeusi.

Kabla ya kuondoka walipita kwa sheha, kiongozi wa eneo, kujitambulisha, wakamwambia mwenye nyumba waliyolala wanaelekea wapi na watarudi saa ngapi.

Mfululizo wa matukio

Saa 1:45 walianza kutembea. Saa 2:25 wingu la kwanza liliingia kutoka kusini-mashariki wakati kina mama wa mwani wakishuka pwani na kamba zao. Wapiga picha walitoa shikamoo, wakaomba ruhusa, wakapewa na wengi, mmoja akakataa na hakupigwa. Jua lilikuwa upande wa mashariki-kaskazini, likiwaangaza watu na mchanga kutoka ubavuni, na nyuma yao mbingu ni nyeusi tii. Walipiga kwa tundu la lenzi f/8, wepesi wa kihisio ISO 400, kasi ya shata 1/500 ya sekunde, wakipunguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu.

Mama mmoja mtu mzima aliwauliza wanakwenda wapi. Alipoambiwa rasini, aliwaambia kwamba kusi la siku ile linasukuma maji, na wakiona kina mama wamepanda kutoka shambani, na wao wapande. Mwenyeji akamuuliza kama kuna njia ya kupita juu ya jabali. Akaelekezwa njia ya wavuvi: ufa ulio mwisho wa jabali upande wa rasi, wenye ngazi ya fito.

Mvua ilinyesha kwa dakika kama 12. Walijikinga nyuma ya ngalawa iliyopandishwa. Saa 2:45, wingu lilipovuka kwenda nchi kavu, upinde wa mvua ulijitokeza juu ya minazi. Mwenyeji aliuona kwa kuwa aligeuka kufuta lenzi yake. Mgeni alikuwa bado ameielekezea bahari kamera. Ulidumu kwa dakika chache tu.

Jabali walilipita kati ya saa 3:20 na saa 3:40, mchanga ukiwa wazi na mgumu. Saa 4:00 walikuwa rasini. Saa 4:35, wakati wa kupwa kwa mujibu wa jedwali, Mgeni alipiga picha ya kijishamba kidogo cha mwani kilicho karibu na rasi. Katika picha hiyo vijiti vimesimama ndani ya maji yanayozidi kifundo cha mguu, na kamba zinaelea. Kwa bamvua ya mita 0.2 kamba zile zilipaswa kulala mchangani. Hakuna aliyeliona jambo hilo siku ile.

Saa 4:50 wingu la pili lilipita, kubwa na bila radi. Mwenyeji alibadilisha lenzi upepo ukivuma, akiwa amegeukia bahari. Saa 5:35 kina mama walianza kupanda. Mwenyeji aliwaona kwa lenzi ndefu, vitone vya rangi vikisogea kuelekea minazini, na akawapiga picha.

Saa 6:00, muda wa kuondoka, ukingo mweusi ulionyooka wa wingu la tatu ulikuwa umejipanga baharini kutoka upeo hadi upeo, chini yake maji yamegeuka kijani cha chupa. Wakasogeza muda hadi saa 6:20. Saa 6:20 ngurumo ya kwanza ilisikika, sekunde 25 baada ya mmweko. Wakasogeza hadi saa 6:40. Saa 6:34 mwanya ulikuwa sekunde 9. Wakaanza kufunga. Mguu mmoja wa tripodi ulikuwa umeshika mchanga kwenye kikazio na haukurudi ndani. Waliusumbukia hadi saa 6:45, mwishoni wakaibeba hivyohivyo.

Saa 6:58 walifika jabalini. Maji yalikuwa yamegusa ukuta. Waliingia, wakidhani ni sehemu fupi. Kufikia mita 150 maji yalikuwa magotini, na kila wimbi lilipogonga ukuta lilipanda hadi kiunoni kisha likavuta miguu kuelekea baharini. Mgeni aliteleza, akaanguka, kamera iliyokuwa shingoni ikazama kwa sekunde chache. Mwenyeji alimshika mkoba.

Uamuzi

Walikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuendelea mita 750 zilizobaki. Ya pili, kupanda kwenye vibaraza vya jabali wasubiri. Ya tatu, kurudi nyuma mita 150 hadi ufa wa wavuvi.

Mgeni alitaka kuendelea, kwa hoja kwamba nyumbani ni mbele. Mwenyeji alikataa: maji yalikuwa yakiongezeka kwa karibu mita moja kwa saa, mwendo wao ndani ya maji ulikuwa robo ya ule wa asubuhi, na hawakujua kina cha mbele. Vibaraza navyo alivikataa, kwa sababu kujaa kamili kulikuwa saa 10:50 na alama ya unyevu ukutani ilikuwa juu ya vichwa vyao. Wakarudi. Walipanda ngazi ya fito kama saa 7:10, wakapita maweni, vichaka vifupi juu ya jiwe lenye ncha, kilomita 2 hadi barabarani. Iliwachukua saa moja na nusu. Saa 8:40 walikuwa dukani kando ya barabara.

Matokeo

Mgeni alichanika goti na muundi. Akiwa bado njiani aliwasha kamera aone kama picha zipo. Ikawaka, ikazima, na haikuwaka tena. Memori kadi ilisalimika. Kamera ya Mwenyeji ilibaki nzima, lakini kihisio chake kilikuwa na madoa ya chumvi yaliyohitaji kusafishwa na fundi.

Picha walizochagua zilitoka karibu zote katika wingu la kwanza, lile la kijijini. Za wingu la tatu, ambalo kwa ajili yake walisogeza muda mara mbili, nyingi zilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi katikati.

Maji: kosa lilikuwa wapi

Hesabu ya sehemu kumi na mbili waliijua. Tofauti ya kupwa na kujaa ilikuwa mita 3.7, gawa kwa 12 upate kama sentimita 31. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo saa ya tatu peke yake huleta zaidi ya sentimita 90. Hesabu yao ya saa 7:33 ilikuwa sahihi kwa jedwali.

Jedwali hukokotolewa kwa mwezi na jua. Halijui upepo wala mawimbi. Mawimbi ya mita 2 yanapovunjika juu ya mwamba wa nje humwaga maji ndani kwa kasi kuliko milango ya mwamba inavyoweza kuyatoa, na upepo wa kusi unayabana yasirudi. Maji ya ndani yanakaa juu zaidi ya kiwango cha jedwali kwa muda wote ambao kusi linavuma. Kwa dalili za siku ile, ziada ilikuwa kama nusu mita. Katika saa ya tatu nusu mita ni dakika 30 na kitu, na ndizo walizopungukiwa: ukuta uliotarajiwa kuguswa saa 7:33 uliguswa karibu saa 7:00.

Ndiyo maana angalizo la wavuvi lilikuwa lao pia. Mtu anayepita chini ya jabali anapaswa kusoma urefu wa mawimbi kwa makini kuliko kiwango cha mvua. Kwetu, mawimbi yakitajwa kufika mita 2, muda wa mwisho wa kupita unarudishwa nyuma kwa saa nzima kabla ya kuongeza akiba ya kawaida. Kwa siku hii ingekuwa saa 6:33, na kuondoka rasini saa 5:15.

Zaidi ya jedwali walikuwa na vipimo viwili vya bure. Vijiti vya mwani saa ya kupwa vilisema maji hayakushuka inavyopaswa. Na kina mama walipanda saa 5:35, saa moja tu baada ya kupwa. Wanaofanya kazi ndani ya maji yale kila bamvua walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao, na tena walikuwa wameitamka asubuhi kwa maneno mepesi. Wapiga picha waliigeuza kuwa picha.

Kusogeza muda

Kila kusogeza kulikuwa na sababu nzuri ya kipiga picha, na ndiyo hatari yake. Wingu zuri huwa linakaribia tu, halifiki kwa wakati uliopangwa. Wote wawili walikuwa macho kwenye kioo cha kamera, na hakuna aliyekabidhiwa saa. Wawili wakitembea, mmoja awe mwenye saa, na neno lake lisijadiliwe hapohapo. Awekewe pia alama ya macho: kwa mfano, jiwe fulani likifunikwa tunaondoka hata kama saa haijafika.

Radi

Mvua nyingi za kusi hunyesha kutoka mawingu mafupi yasiyo na radi. Mtu akishazoea mbili tatu za namna hiyo anaichukulia ya nne vivyo hivyo. Ngurumo ina maana wingu limepanda juu sana na ni la aina nyingine.

Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilomita. Sekunde 25 ni kilomita 8, na radi inaweza kupiga umbali huo kutoka kwenye mvua yenyewe. Kanuni inayotumika ni kwamba chini ya sekunde 30 unaacha kazi na kuondoka, na hurudi hadi dakika 30 zipite bila ngurumo. Juu ya rasi tupu, mtu aliyesimama na tripodi ndicho kitu kirefu kuliko vyote. Mnazi si kinga. Pango la chini ya jabali nalo si kinga, maana umeme hutambaa kwenye jiwe na kuruka kwenye uwazi. Kinga ni nyumba ya mawe au gari la bati lililofungwa vioo. Vichaka vifupi vya maweni havikuwa salama, ila vilikuwa bora kuliko ufukwe.

Kamera na chumvi

Kufuta chumvi kwa kitambaa kikavu kunaipaka, na punje zake hukwaruza kioo. Inatakiwa chupa ndogo ya kupuliza yenye mililita 100 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, vitambaa 5 au 6 vilivyofungwa kila kimoja peke yake, na filta wazi mbele ya lenzi ili kinachosuguliwa kiwe filta. Hudi ya lenzi, ile kinga ya kivuli ya mbele, haivuliwi. Lenzi haibadilishwi kwenye upepo wa bahari. Ikibidi, mgongo uelekee upepo, mkoba uwe tumboni, mdomo wa kamera utazame chini. Afadhali zaidi kuchagua lenzi moja na kukubali mipaka yake.

Kamera ikizama kwenye maji ya bahari, usiiwashe. Toa betri mara moja, kisha kadi. Futa nje kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi, na unga wake huingia ndani. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa, ikapitisha umeme na kula shaba. Kamera ya Mgeni ingeweza kupona. Iliyoiua ni betri kuwa ndani ilipowashwa.

Vikazio vya tripodi vya kuzungusha havipendi mchanga. Ukiwa ufukweni refusha kwanza sehemu nyembamba za chini, vikazio vya juu vibaki mbali na mchanga.

Picha zenyewe

Kipimo cha mwanga cha kamera huliona wingu jeusi na kutaka kulifanya kijivu, ndipo dhoruba inatoka imepauka. Kupunguza hatua moja kulifaa, pamoja na kupiga RAW (faili ghafi la kamera) ili povu jeupe lisiungue. Wingu la kwanza lilishinda kwa sababu lilikuwa na watu, kamba na mwanga wa ubavuni. La tatu lilikuja adhuhuri jua likiwa juu, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kulipimia ukubwa.

Upinde wa mvua una hesabu yake. Kilele chake kiko nyuzi 42 ukitoa kimo cha jua. Saa 2:45 jua lilikuwa kama nyuzi 31, hivyo upinde ulisimama nyuzi 11 upande wa nchi kavu. Mwishoni mwa mwezi wa 5 hapa Unguja, kuanzia karibu saa 3:40 asubuhi hadi karibu saa 9:00 mchana jua liko juu mno na hakuna upinde unaoonekana kutoka ardhini. Muda wote waliokaa rasini, kuanzia saa 4:00 hadi saa 6:45, ulikuwa ndani ya pengo hilo.

Kwa rasi ile mpango unaofaa ni kinyume cha waliouchagua: kwenda alasiri kwa njia ya maweni na kupiga kutoka juu, maji yakijaa. Bamvua hujaa kama saa 10:00 hadi saa 11:00 jioni, mawimbi yanagonga jabali kwa nguvu zote, jua liko nyuma ya mpiga picha likiangaza povu mbele ya wingu jeusi, na saa 10:30 upinde ukitokea unasimama juu ya bahari kwa nyuzi karibu 19, unaingia wote kwenye lenzi ya 16 mm. Shata 1/1000 hugandisha matone. 1/4 ya sekunde, tripodi ikiwa imeshushwa chini na nguzo ya kati haijainuliwa, huonyesha maji yakirudi nyuma. Kaa mita 10 kutoka ukingoni, kwa kuwa chini ya ukingo ni tupu. Ngurumo ikisikika, shuka barabarani.